Nilivyopandishwa Kuwa Lodi wa Hogwell

Jumatatu, 2 Machi 1964

Siku kubwa! Niandike polepole, nisiruke kitu.

Mchana niliitwa na Sir Denzil Frayne, mnadhimu wa chama chetu bungeni. Kwa kawaida Sir Denzil akiniona kwenye korido hugeuka kutazama picha, hata pale ambapo ukuta hauna picha. Leo alisimama kunipokea. Akanivutia kiti. Akanimiminia mvinyo kwa mkono wake mwenyewe. Nikajua ama nimefiwa, ama nimeonekana.

Nimeonekana! Alisema viongozi wametafakari kwa muda mrefu namna ya kuniondoa... akakohoa... namna ya kunipandisha. Wanataka niingie katika Baraza la Malodi, lile bunge la juu la watu wa kuteuliwa. Mimi, Ambrose Tuttle, mbunge wa Wenbury! Miaka yote hii nimekaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango unaopitisha upepo, na kumbe walikuwa wananitazama.

Nilimwuliza kama mtu akiwa huko juu anaweza kuteuliwa kuwa waziri. Alijibu kwamba duniani lolote linawezekana. Sasa kama hiyo si ahadi, ahadi ni nini?

Kuna jambo dogo tu. Lodi hawezi kuwa mbunge, kwa hiyo kiti changu kitabaki wazi. Chama kinampenda kijana mmoja wa London, Jasper Lavenham, anayependeza kwenye televisheni. Sir Denzil anaomba nimtengenezee njia Wenbury, kimyakimya. Nikamwambia Wenbury nimeishika kiganjani kama yai. Glasi ya tatu ilipokwisha, kiti nilikuwa nimeshakigawa.

Dada Augusta nisimwambie kwanza. Atauliza maswali.

Jumatano, 4 Machi

Nimekwenda ofisi ya nembo, wanakosajili majina na alama za Malodi. Kila Lodi huchagua jina la mahali. Mimi nataka kuitwa Lodi Tuttle wa Wenbury. Jina tamu, lina kengele ndani yake.

Mzee wa ofisi ile alipekua kitabu kinene, akatikisa kichwa. Wenbury imeshachukuliwa. Na nani? Na Kanali Sproat! Yule yule jirani aliyepandishwa miaka mitatu iliyopita, yule yule anayenishinda kila mwaka kwenye maonyesho ya maboga. Boga lake la mwisho lilitiwa maji kwa sindano, nina hakika, ila sina shahidi.

Nikataja Wenbury ya Juu. Ya Sproat. Wenbury ya Chini? Ya Sproat pia. Daraja la Wenbury? Mzee akasema lilibomoka. Mwisho wa yote, katika jimbo langu zima kilichobaki bila mwenyewe ni kitongoji cha Hogwell. Nyumba chache, harufu nyingi. Jina lenyewe maana yake ni kisima cha nguruwe.

Nimelichukua. Lodi Tuttle wa Hogwell. Ukilitamka haraka na upepo ukivuma, halina ubaya.

Kwenye nembo niliomba simba wawili. Simba wamejaa. Tai? Wamejaa. Akanipendekezea bata bukini. Nikakataa katakata. Tukabishana mpaka tukaafikiana: bata bukini, lakini akiwa na hasira.

Ijumaa, 6 Machi

Nimemwambia Augusta wakati wa chai ya asubuhi, baada ya kuhakikisha mdomo wake umejaa mkate.

Atakayesoma shajara hii baada yangu ajue: Augusta ni dada yangu, ananizidi miaka sita. Hakuolewa, nami sikuoa, tunaishi katika nyumba aliyotuachia baba. Yeye ndiye huwasikiliza wananchi kila Jumamosi, maana shida za watu mimi hunipa kiungulia. Anajua paa la nani linavuja na mjane gani amezungushwa kwenye pensheni. Anaandika barua, mimi natia saini. Ni mgawanyo mzuri wa kazi.

Aliposikia, akainuka, akanishika mashavu kwa mikono yenye jemu, akasema laiti mama angekuwapo. Machozi yalimlengalenga. Nami kidogo nilie, nikakumbuka kwamba Malodi hawalii.

Furaha ikadumu mpaka nilipofika kwenye nembo. Alicheka hadi akashika meza.

"Bata bukini! Wamekupatia, Ambrose. Hata sauti mnafanana."

Halafu akauliza kiti cha Wenbury atakikalia nani. Nikasema chama kinatafakari. Akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena. Akasema, taratibu, kwamba labda safari hii watamtafuta mtu anayeijua Wenbury.

"Labda," nikasema, nikakimbilia bustanini kukagua maboga. Mwezi wa tatu hakuna maboga. Nilikagua udongo.

Jumapili, 8 Machi

Balaa! Jasper Lavenham nilimwambia aje Jumatano, siku ambayo Augusta huenda hospitali kuwasomea wagonjwa magazeti. Amekuja leo, nyama ya Jumapili ikiwa mezani. Gari jekundu lisilo na paa, na mvua inanyesha. Kijana mwenye nywele nyingi na meno zaidi.

Alimtupia Augusta koti lake lililolowa, akamwagiza kinywaji. Alidhani ni mtumishi. Kisha akanipiga begani, akanguruma: "Mzee Tuttle! Sir Denzil kaniambia umeshanimalizia kila kitu. Kiti ni changu, eti? Safi sana!"

Augusta akalitundika koti. Akaleta kinywaji. Akakata nyama, akampa mgeni mnofu laini, mimi akanipa ncha iliyoungua. Gari jekundu likaondoka.

Akauliza nimejua tangu lini. Nikasema tangu Jumatatu.

"Wiki nzima unakula chakula changu na neno hili umelikalia tumboni?"

Nikamweleza kwamba siasa za ngazi ya juu zina siri zake. Akasema Jasper hamuumi hata kidogo. Kinachomuuma ni kwamba ningemwambia, angenisaidia hata kwa hilo, kama anavyonisaidia siku zote. Nilikuwa na jibu zuri, lakini alikuwa ameshapanda ngazi. Jua halijazama, yeye kalala. Vyombo kaviacha.

Nimeviosha mwenyewe. Nimevunja bakuli la mama. Nimelizika bustanini.

Jumamosi, 14 Machi

Siku ya kamati ya chama kuchagua mgombea. Ukumbi wa kanisa, viti vigumu, keki ngumu zaidi. Mwenyekiti ni Bwana Hobday, mwenye bucha, mtu mnene mwenye sauti ya kupasulia mifupa. Augusta yuko nyuma kwenye birika la chai, mahali pake pa siku zote. Tangu Jumapili ananisemesha mambo ya chumvi na pilipili tu.

Nilikuwa nimemwandikia Jasper hotuba. Hakuisoma. Alisimama akatabasamu, akasema ameipenda Wenbury tangu utotoni, hasa ufukwe wake.

Wenbury haina bahari. Ina mto, na mto wenyewe kila mwaka huingia majumbani bila kubisha hodi. Mama mmoja akamwuliza atafanya nini kuhusu mafuriko. Jasper akajibu kwamba atayafuatilia kwa makini sana kutoka London.

"Kwa darubini?" akauliza Hobday. Ukumbi ukaangua kicheko.

Hobday akasema yeye haoni sababu ya kuagiza nyama London na bucha liko hapa hapa. Akageuka nyuma. "Bi Augusta, mwaka juzi walipotaka kunifungia duka, nani alinitetea?"

Augusta akajibu kwamba ni Mheshimiwa mbunge.

"Bi Augusta wee! Usituongopee ndani ya ukumbi wa kanisa!"

Wakamtaka agombee yeye. Akakataa. Wakamsihi, akakataa tena. Akasema yeye ni mtu wa kusaidia, si mtu wa jukwaa. Watu wakaanza kutazamana, wamekata tamaa. Jasper angepita! Shughuli ilikuwa imekwisha, nilichotakiwa ni kunyamaza tu.

Lakini fundi wa kweli haachi msumari umechomoza. Nikasimama. Nikasema dada yangu ni hodari katika mambo yake, yaani chai, keki na kubembeleza wajane. Ila Bunge ni mahali pa watu wenye vichwa, na kichwa cha nyumba yetu ni mimi.

Birika likachemka peke yake. Augusta akalizima. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaja mpaka mbele akaniwekea mikononi.

"Bwana Hobday," akasema, "nimebadili mawazo. Andikeni jina langu."

Mikono yote ikanyanyuka. Hata wa Jasper. Alidhani wanahesabiwa wanaotaka chai.

Chai nimegawa mimi. Hobday alirudisha kikombe, eti ya baridi.

Jumatatu, 16 Machi

Sir Denzil amepiga simu. Nimeiweka mbali na sikio na bado nilimsikia vizuri. Kanituma nilete kijana, nimeleta dada! Alisema wanawake wa namna hii ni hatari: wanasoma karatasi wanazopewa, na hawasinzii vikaoni.

Sikutetereka. Papo hapo nikapata wazo. Naye apandishwe! Tukae wawili kule juu, kaka na dada, Wenbury abaki Jasper. Sir Denzil akasema katika miaka yote hii hilo ndilo wazo langu la kwanza lenye akili.

Nikampelekea Augusta habari hiyo jikoni. Alikuwa anakanda unga. Hakugeuka.

"Ambrose, mdogo wangu, hujawahi kujiuliza kwa nini wanawapandisha watu huko? Wewe kiti kikivunjika mguu unakipeleka wapi?"

Nikasema darini.

"Haya," akasema, akaendelea kukanda.

Nimelifikiria jibu lake jioni nzima. Sioni uhusiano. Darini kwetu kuna viti vizuri sana.

Jumanne, 24 Machi

Leo nimeapishwa kuwa Lodi.

Lazima usindikizwe na Malodi wawili wanaokufahamu. Wanaonifahamu wote walikuwa na udhuru. Akapatikana Lodi mmoja mzee asiyesikia, na Sproat. Joho pia nimeazima kwa Sproat. Jekundu, kola ya manyoya meupe, harufu ya naftalini. Sproat ni mrefu kama nguzo ya simu, hivyo joho lilinifuata sakafuni kama mkia wa bibi harusi.

Utaratibu ni kuinama mara tatu, kila mara unavua kofia na kuivaa tena. Mara ya kwanza, maridadi. Mara ya pili Sproat akanikanyagia joho. Makusudi! Akaninong'oneza, "Pole, Kisima." Mara ya tatu niliinama mpaka paji la uso likagusa zulia, na joho likakataa niinuke.

Malodi waliokuwa macho wakapiga makofi. Walidhani ni heshima ya kizamani. Mmoja alisema tangu ujana wake hajaona mtu akiinama kwa moyo namna hiyo.

Nikaketi. Kiti laini ajabu. Lodi wa kulia amelala, wa kushoto amelala. Nikangoja niulizwe maoni yangu kuhusu hali ya taifa. Ikafika saa ya chai.

Augusta hakuja. Alikuwa Hogwell anagonga milango kuomba kura kwenye mvua. Aliniachia pai na maelezo kwamba niipashe moto. Jiko letu lina vifungo vingi visivyo na maana. Nimeila baridi, nimevaa joho.

Alhamisi, 16 Aprili

Leo Wenbury imepiga kura. Nilibakiwa na mpango mmoja, na ulikuwa kito.

Kura ni siri. Basi nimpigie mpinzani wetu, mwalimu mmoja mwembamba mwenye baiskeli, mtu asiye na madhara. Akishinda yeye, chama kitaona wazi kwamba Wenbury bila Tuttle, yaani Tuttle wa kiume, haiendi. Watanililia. Huo ndio uwaziri!

Nikavaa kofia, nikaenda kituoni. Ni shule ya msingi, madawati ya kitoto. Msimamizi ni Bi Pargeter, mpiga kinanda wa kanisa. Akapitisha kidole kwenye karatasi, juu mpaka chini. Akasema simo.

Nikamwambia aangalie vizuri, mimi ni Lodi Tuttle wa Hogwell.

"Ndiyo maana humo, Mheshimiwa. Malodi hawachagui wabunge."

Nikauliza ni nani mwingine aliyenyimwa haki hiyo. Akasema wafungwa na wenye wazimu.

Nyuma yangu nikasikia ile sauti ya bucha: "Basi wamekuweka na wenzako, Mheshimiwa!" Foleni nzima ikacheka, hadi mtoto mchanga.

Nikatoka nje. Mvua. Mwavuli sina. Nikajibanza ukutani, kumbe mfereji wa paa umeziba, maji yote yananishukia mimi. Ndipo Augusta alipotokea getini. Tope mpaka magotini, sauti imekauka kwa wiki nyingi za kuongea na watu. Akaniona. Nikajua ameshasikia, na sasa atanisema mbele ya jimbo zima.

Akaja mpaka pale, akanisogeza chini ya mwavuli wake.

"Nilijua utakuja," akasema. "Nilimwambia Hobday: Ambrose ana mdomo mkubwa, lakini damu ni damu. Atakuja kunipigia kura. Asante, mdogo wangu."

Nilitaka kumwambia. Kweli nilitaka. Nikatazama chini, nikaona viatu vyake vya kahawia, vile vile alivyozungukia vijiji kila nilipogombea mimi, miaka nenda miaka rudi. Kushoto kidole kinachungulia. Kwa muda kama wa kuhesabu mpaka kumi nilikuwa mtu mbaya, na nilijua.

Kisha nikasema: "Si kitu, Dada. Ni wajibu wangu."

Akanifuta pua kwa leso yake, mbele ya foleni nzima. Nilimwacha anifute.

Ijumaa, 17 Aprili

Ameshinda. Si kushinda kule kwa kawaida. Kura zake ni karibu mara mbili ya nilizowahi kupata mimi katika mwaka wangu mzuri kuliko yote. Mwalimu wa baiskeli amempongeza na kukiri kwamba hata mama yake mzazi kampigia Augusta.

Hobday amegawa soseji bure uwanjani. Wamembeba Augusta begani, yeye anashika sketi na kuwaambia wamshushe, kuna mtu anasubiri kumweleza habari za paa.

Nimewaeleza waandishi wa habari kwamba ushindi huu ni tunda la mbinu zangu, hasa ile hotuba yangu ya ukumbi wa kanisa, bila hiyo asingegombea. Ambalo ni kweli tupu! Mmoja aliandika yote. Mwishoni akaniuliza mimi ni nani.

Jumatano, 6 Mei

Sijaandika wiki hizi kwa sababu ya huzuni. Leo nina sababu ya kuandika. Nina sababu kubwa!

Kwanza Augusta. Jana amesimama bungeni kuuliza swali lake la kwanza, juu ya mafuriko ya mto wetu. Waziri akajibu kwa maneno marefu. Augusta akamshukuru, akauliza tena. Waziri akajibu kwa maneno mafupi. Akauliza mara ya tatu. Waziri akajifuta jasho, akaahidi ukuta wa kuzuia maji kabla ya mafuriko mengine. Mimi miaka yote sikujua kwamba waziri anaweza kuulizwa. Magazeti yote yamemtoa ukurasa wa mbele, na yameanza kuuliza yule aliyemtangulia alikuwa anafanya nini.

Ndipo Sir Denzil aliponialika chakula cha mchana leo. Alikuwa amechoka, maskini, macho yamevimba. Alisema waandishi wananitafuta, na viongozi wametafakari tena juu yangu, safari hii kwa haraka. Wanahitaji gavana. Gavana! Wa visiwa vya Mtakatifu Osric, kusini kabisa, ramani inapokaribia kuisha. Kuna kondoo, kuna upepo, kuna ndege wasioruka. Meli hufika mara moja moja. Simu hakuna, na waandishi hawafiki. Jambo hilo alilisisitiza mara kadhaa. Ni kweli, mtu mzito hapatikani ovyo.

Gavana huvaa kofia yenye manyoya ya mbuni. Nimeshapimwa kichwa.

Augusta nilimwambia jioni, mara aliporudi kutoka Bungeni. Alivua viatu, akakaa. Akaniuliza kama nimetazama visiwa hivyo viko wapi. Nikasema mambo ya ramani ni ya makarani. Akasema, "Usiende, Ambrose. Kaa hapa nyumbani na mimi. Huna unachokosa hapa." Sauti yake ilikuwa ya ajabu kidogo. Nimeshamwelewa. Ni wivu! Ubunge umemlevya, sasa anaona mdogo wake anampita tena. Nikamwambia kwa upole kwamba kila mtu na nyota yake, na kama ana nafasi anifumie soksi nzito. Akatafuta sufu, akaanza kufuma pale pale.

Sir Denzil nilikuwa nimeshampa jibu mchana, kabla hata pudini haijaletwa. Nimekubali! Nilipokuwa navaa koti nikamwuliza, mtu na mtu, aniambie ukweli: je, kwa cheo hiki nitafika mbali?

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Sijawahi kuona furaha ya kweli namna ile usoni mwa mwanasiasa. Akasema mbali sana, Tuttle. Wametafuta sana, na mahali pa mbali kuliko hapo hawakupaona.

Hatimaye, kiongozi anayetambua kipaji!